Wakati Kabeba Nani?

Chaki mpya ukiandikia nzima hulia, na mlio wake huingia mpaka kwenye meno. Mwalimu aliyenifundisha Kiingereza Maswa alilijua hilo. Aliitoa kwenye boksi, akaivunja katikati kwa dole gumba, nusu akaitia mfuko wa shati, nusu nyingine akaigeuza ile sehemu iliyovunjika ndiyo iguse ubao. Kisha akashusha mistari bila rula, iliyonyooka kama matuta ya mkulima asiye na haraka. Kushoto zilikaa nafsi, juu zikakaa nyakati. Katikati palibaki visanduku vitupu, na darasa lote likatulia kuvitazama.

Hayo ni ya zamani, Maswa ikiwa bado Shinyanga; Mkoa wa Simiyu ulianzishwa 2012. Sasa hata chaki tunatengeneza wenyewe, tangu vijana wa wilaya walipoanzisha kiwanda chao, na kila nikiliona boksi la chaki za Maswa nafurahi kwa dhati. Lakini juzi nilipita dirishani mwa darasa wakati wa kipindi cha Kiingereza. Ubao ulikuwa mtupu. Watoto walishika karatasi za mitihani ya miaka iliyopita, na kila swali likisomwa walipaza sauti: A! C! C! B! Walikuwa wanajifunza kuweka kivuli kwenye herufi. Nikasimama pale nikilitafuta jedwali.

Kitenzi cha mwalimu wetu kilikuwa kimoja tu, “plant”. Alikichagua kwa kuwa hakina ukorofi, hakibadiliki tumboni kama “go” inayoamka asubuhi ikiwa “went”. Na alikichagua kwa sababu kuanzia katikati ya Novemba hakuna mtoto wa Maswa asiyejua kupanda pamba. I plant, you plant, she plants. Hapo kwenye “s” alisimama. Alisema sisi tumezoea kumjua mtendaji kwa kutazama mwanzo wa neno, anapanda, tunapanda. Waingereza habari hiyo wameificha nyuma, tena kwa nafsi moja tu. “Tazameni mkiani,” alituambia, na mpaka leo nikisoma Kiingereza jicho langu huenda mkiani kwanza.

Ile “-ed” ya wakati uliopita wengi huitamka namna moja. Yeye alituwekesha vidole kooni. “Walked”: koo limenyamaza, kwa hiyo mwisho unasikika “t”. “Played”: koo linatetemeka, mwisho ni “d”. “Planted”: neno limeshaishia na “t”, halikubali kubanwa, linadai silabi nzima ya kwake. Watoto sabini na kitu, vidole kooni, wakisikiliza miili yao wenyewe. Sijaona somo la fizikia lililofundishwa vizuri kuliko lile.

Kosa lililomuumiza lilikuwa “I did not planted”. Hakuchapa wala hakucheka. Aliuliza tu: “Wakati kabeba nani?” Tukanyamaza. Akaandika kwa Kiswahili, nilipanda, sikupanda. Kwenye la kwanza mzigo umebebwa na “-li-”. Ukikanusha, “-li-” inaondoka na “-ku-” inaupokea. Basi na kule, “did” akishaubeba, “plant” anatembea mikono mitupu. Mzigo mmoja haubebwi na wawili. Tangu siku hiyo swali lile likawa letu. Hata uwanjani mtu akikosea tulimwimbia: wakati kabeba nani?

Kipindi kizima alikitumia kutenganisha “planted” na “have planted”. Sisi Waswahili wa bara husema “nimefika jana” na hakuna anayeshtuka, halafu tunaipeleka hivyo hivyo kwenye Kiingereza, nacho kinagoma: “have” haikai pamoja na “yesterday”. Mwalimu alitukumbusha Kisukuma cha bibi zetu, ambacho kwa kitenzi tu unajua jambo ni la leo asubuhi au la siku zilizopita. Alitaka tuone kwamba mpangilio huu haukuletwa na meli. Nyumbani ulikuwepo, ila hatukuwa tumeuchungulia.

Kisha akataka kila mmoja aseme jambo la kwao. Ulikuwa Desemba, anga nyeupe, ardhi imepasuka. Msichana aliyekaa nyuma, asiyesema mara nyingi, akasimama: “My father planted. The rain has not started.”

Mwalimu aliweka chaki chini. Alikwenda mlangoni, akaangalia nje, akarudi. Akasema huyu mwenzenu angeweza kusema “did not start”, na sarufi isingemlaumu, lakini msimu wa baba yake ungekuwa umefungwa. Mvua haikuanza: yamekwisha, tuuze ng'ombe. Mvua haijaanza: bado mtu anaamka alfajiri kutazama mawingu. “Hiyo ‘-ja-’ ndiyo ‘has’ yake,” alisema taratibu. “Ameacha mlango wazi.”

Mtaala mpya ulioanza 2024 unamkutanisha mtoto na Kiingereza tangu darasa la kwanza. Zamani alisubiri mpaka la tatu. Sina ugomvi na kuanza mapema. Lakini kidato cha kwanza bado kinamngoja na masomo karibu yote kwa Kiingereza, na asiyejua wakati kabeba nani ataingia kwenye biolojia na historia asijue kipi kimekwisha na kipi kinaendelea. Kivuli kwenye herufi C hakimwambii. Simu inayomsahihishia sentensi kabla hajaikosea haimwambii, kwa sababu haijawahi kumwuliza.

Mwaka jana nilikwenda kumwona. Amestaafu, anakaa na mbuzi wachache na mwembe mmoja, na mfuko wa shati lake hauna tena vumbi jeupe. Tulizungumza habari za pamba na bei yake. Wakati wa kuaga nikamwuliza kama wale wengine, wanafunzi wake wote wa miaka ile, hawakuja kumsalimu.

Akanitazama kidogo, kama zamani mbele ya ubao.

“Hawajaja,” alisema.