Mario Asiyeruka

Wachina wanaliita Xiao Mali, yaani Mali Mdogo. Sikio la Mswahili linasikia utajiri hapo, lakini Mali huyo ni Mario, fundi bomba mwenye masharubu wa kampuni ya Nintendo, ambaye jina lake huko Uchina lilizoeleka kutamkwa kama la kike, Maria. Wauzaji wa mtandaoni wanaosafirisha mashine hizi duniani bado wanazitangaza kwa jina la Mario. Sisi tunasema dubwi, au mashine ya Mchina, na kwenye hili lililowekwa nje ya duka moja hapa Miburani, Mafia, Mario hayumo hata kwa picha.

Kilichopo ni mzunguko wa taa 24, kila moja na alama yake: tufaha, chungwa, embe, kengele, tikiti, nyota, saba mbili, na neno BAR. (Matunda hayo yana safari ndefu. Zaidi ya miaka mia iliyopita, mashine za kamari za Marekani zilijificha nyuma ya ubani wenye ladha ya matunda. Ubani uliondoka, matunda yakabaki.) Unatumbukiza sarafu ya shilingi 200, unabonyeza alama unayoiamini, taa inakimbia, inapunguza mwendo, inasimama. Kwa kawaida tufaha hulipa mara 5, BAR mara 100 au zaidi. Mara nyingi taa inasimama jirani na ulipoweka.

Katika masomo yangu ya uzamili nimezoea kuhakiki vitabu. Dubwi nataka kulihakiki vivyo hivyo, kwa sababu nalichukulia kama tafsiri, na tafsiri yenyewe ni mbovu. Kazi asilia, Super Mario Bros., ilitoka mwaka 1985. Wengi wa kizazi changu tuliijua kupitia gemu za bandia za kuchomeka kwenye TV, zile za kaseti iliyodai kuwa na michezo maelfu wakati yote ilikuwa ileile ishirini. Mario wa kwenye TV alikuwa na jambo moja kubwa: kuruka. Ukigusa kitufe kidogo aliruka kidogo, ukikishikilia aliruka juu zaidi. Akitumbukia shimoni, ni kidole chako kilichomtumbukiza, na kesho yake kidole hichohicho kilimvusha. Aliyecheza wiki nzima alimshinda aliyeanza jana, na kibaraza kizima kilijua.

Dubwi limechukua milio, rangi na sarafu, mruko likauacha. Vitufe vyake ni vya kuwekea dau tu. Tunasema jino linacheza, maana yake lina nafasi ya kusogea. Mbele ya dubwi kinachosogea ni taa, na mtu anasubiri.

Hata hivyo wachezaji hawasubiri kijinga. Wanalisoma. Mchana mmoja nilimkuta mvuvi wa pweza, umri wa baba yangu, akilitazama bila kuweka kitu.

“Shikamoo mjomba. Huchezi?”

“Marahaba mwanangu. Bado. Limekula tangu asubuhi, linakaribia kutema. Maji yakishajaa, si lazima yatoke?”

Nimekuwa nikiitafakari kauli hiyo kuliko nadharia nyingi nilizosomeshwa. Mtu huyu anajua bamvua na maji mafu kwa kutazama mwezi. Anajua mwamba utakuwa wazi saa ngapi, na anaona magamba ya chaza mlangoni pa tundu akajua pweza yumo ndani. Elimu hiyo ni ya kweli na inalisha nyumba. Dubwi linamwonyesha kitu kinachofanana na bahari: linajaa, linatoa, lina siku nzuri na siku mbaya. Tofauti ni kwamba kiasi kinachorudi kinapangwa ndani ya sanduku na mwenye mashine, na sanduku lina kufuli. Mwezi hauna mwenyewe anayeupanga.

Na ile taa inayosimama jirani? Ukimkosa pweza kidogo, umejifunza kitu kuhusu tundu lile. Ukiikosa BAR kwa taa moja, hujajifunza chochote, ila mwili unahisi umejifunza. Hapo ndipo ubovu wa tafsiri unapogeuka hasara ya fedha za kitoweo.

Wakubwa wa tasnia wanafanya hivyohivyo kwa ufundi zaidi. Mwaka 2016 Konami ya Japani ilichukua Metal Gear Solid 3, mchezo wa kunyata na kujificha, ikaufanya mashine ya kamari, na wapenzi wake wakaja juu. Mwaka 2020 NetEnt ilitoa sloti ya Street Fighter II: mpiganaji unamchagua, ngumi zinarushwa na bahati nasibu. Mashabiki hao walilia kumbukumbu zao. Mvuvi wangu hakuwahi kushika gemu, hana cha kukumbuka. Yeye linamchukulia ujuzi anaoutumia sasa hivi.

Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, iliyounda Bodi inayosimamia mashine hizi, hairuhusu aliye chini ya miaka 18 kucheza. Lakini kutazama ni bure. Kuna mtoto wa kama miaka kumi anayezitaja alama zote na malipo yake kwa mfululizo, kama anayesoma jedwali la kuzidisha, na wakubwa wanamuuliza kengele imetoka mara ngapi leo. Anajibu bila kusita. Kwenye gemu zetu za TV kila mtaa ulikuwa na bingwa na jina lake lilijulikana, kwa hiyo nikamuuliza, hapa bingwa ni nani. Akafikiri sana, akawatazama waliokuwepo mmoja mmoja.

“Labda yule kaka anayekuja na ufunguo,” akasema.