Mbu wa Mikorosho: Pini Mgongoni, Sindano Mdomoni!

Jamani, nimempata! Helopeltis anacardii, yule wakulima wanayemwita mbu wa mikorosho, yuko kwenye chipukizi la mkorosho hapa Kibaoni, Ifakara, nami nimemganda na lenzi ya simu mpaka shingo inauma. Picha za vitabuni zinamdhulumu!

Tuanze na mgongo. Katikati pamesimama mwiba mwembamba wenye kirungu nchani, pini ya fundi cherehani kabisa. Ifakara ni mji unaowajua mbu, watafiti wanawachunguza hapa tangu miaka ya 1950, lakini hakuna mbu wa malaria mwenye pambo kama hili. Tena huyu si mbu hata kidogo: ni wa ukoo wa kunguni, na damu hana habari nayo. Mwili haufiki sentimita moja, papasi zinaupita kwa urefu, miguu nyuzi tupu. Maridadi!

Sasa mwone akila. Anashusha mdomo, anachoma kijiti laini, anamimina mate yenye sumu, ananyonya. Palipochomwa panalowa, halafu panageuka doa jeusi lenye pembe. Anasogea kidogo, anachoma tena. Madoa yakizidi, chipukizi linakauka kuanzia nchani; kishada cha maua kikikauka, hakuna bibo wala korosho. Mwenye shamba alikuwa amesimama nyuma yangu, na wala hakuwa anacheka.

Na mayai! Jike huyachomeka ndani ya chipukizi lenyewe, nje zikabaki nywele mbili tu, moja ndefu kuliko mwenzake. Tunutu akianguliwa hana ule mwiba. Humwota baadaye, akishaanza kujivua gamba.

Salfa ambayo wengi hupulizia ubwiri unga haimtishi, maana ile ni dawa ya ukungu. Mbabe wake ni maji moto, wale sisimizi wanaoshona majani kuwa viota. Mkorosho wa jirani walikuwa wameutawala, na machipukizi yake yalikuwa safi, ya kijani, bila doa. Wanauma, ndiyo, lakini kuwachoma moto ni kumfungulia mlango huyu bwana wa pini.

Ukitaka kumwona, nenda masika yakishapita, mikorosho ikitoa majani mapya, asubuhi mapema au jioni. Jua likiwa kali anajificha. Na tawi usilitikise, ataruka!