Msaili, Msailiwa na Ghala la Matusi: Uhakiki wa Kipindi cha Richard Pryor cha Mwaka 1975

Imekuwa desturi ya wataalamu wa fasihi simulizi katika Afrika Mashariki kuitazama televisheni kwa jicho la shaka. Hoja yao kubwa ni kwamba kioo kile kimemtenga fanani na hadhira yake: mtambaji haoni nyuso za wasikilizaji, wasikilizaji hawana njia ya kuitikia, na kosa lililotendwa hukatwa kabla ya kuonekana. Hoja hiyo ina uzito wake. Hata hivyo, iko sanaa moja ya televisheni isiyoingia vyema katika shutuma hiyo, nayo ni vichekesho vifupi vinavyoigizwa mbele ya watu waliokaa ukumbini na kurushwa hewani papo hapo. Humo fanani akikosea amekosea, na hadhira isipocheka, ukimya wake husikika nchi nzima.

Mfano unaohakikiwa hapa ni kipindi kilichorushwa na shirika la NBC kutoka New York usiku wa tarehe 13 Desemba 1975, kikiongozwa na mchekeshaji Richard Pryor. Ulimwengu wa leo unakijua kwa jina la Saturday Night Live. Mwaka ule kiliitwa NBC's Saturday Night, kwa kuwa shirika shindani la ABC lilikuwa na kipindi cha Howard Cosell kilichokwisha kulichukua jina hilo jingine. Kilikuwa bado kichanga: cha kwanza kilirushwa tarehe 11 Oktoba mwaka huo huo, na hiki kilikuwa cha saba. Utaratibu wake ulikuwa kumwalika kila safari mtu mashuhuri awe kiongozi, naye akaigiza pamoja na kikundi cha kudumu cha wachezaji saba, kukiwa na wanamuziki wa kupokezana nao. Pryor alikuwa mtu mweusi wa kwanza kukikalia kiti hicho cha uongozi.

Kwa ajili yake utaratibu ulibadilishwa. Wakuu wa NBC waliuogopa ulimi wake, wakaagiza matangazo yacheleweshwe kwa sekunde chache, ili neno baya likitoka kinywani lipate kuzuiwa njiani kabla ya kufika majumbani. Jambo hili lisipitwe upesi. Kipindi kilichojivunia kuwa cha papo hapo, na kilichokwisha kuwaamini viongozi sita waliotangulia, kilipomfungulia mlango kiongozi mweusi kilimfungulia huku kimeshika kufuli mkononi. Kwa hiyo, hata kabla ya neno la kwanza kutamkwa, lilikuwa limekwisha kujulikana ni nani anayeaminiwa kutumia lugha mbele ya watu na ni nani anayesimamiwa. Ufunguzi wenyewe uliligusa suala hilo kwa mzaha mwepesi. Ilikuwa ada Chevy Chase kuanguka mwanzoni mwa kipindi na kisha kupaza sauti kutangaza kuwa ni usiku wa Jumamosi. Safari hii Garrett Morris, mchezaji pekee mweusi katika kikundi, alidai kwamba Pryor ameomba yeye ndiye aanguke.

Uzito wa usiku ule, lakini, umo katika igizo la dakika chache tu, la watu wawili na meza. Chase ni msaili. Pryor ni Bwana Wilson, aliyeomba kazi ya ufagiaji. Usaili umekwisha, limebaki jaribio moja la mwisho: msaili atataja neno, na msailiwa ataitikia kwa neno la kwanza linalomjia akilini. Maneno ya mwanzo hayana madhara. Mbwa aitikiwa kwa mti, mvua yaitikiwa kwa theluji. Nyeupe yaitikiwa kwa nyeusi, na hapo mtazamaji makini angeweza kuhisi njia inakopinda. Kisha msaili, kwa sauti ile ile ya kiofisi, anaanza kuyataja moja baada ya jingine majina ambayo Wazungu wa Marekani wameyatumia kumtweza mtu mweusi. Bwana Wilson anashtuka, anatazama, misuli ya uso inaanza kumcheza; lakini jaribio ni jaribio, na kazi anaitaka. Anajibu tusi kwa tusi.

Hapa mwanaisimu hana budi kusimama. Wahakiki wengi wamelisifu igizo hili kwa ujasiri wake, nao wamesema kweli, ila ujasiri peke yake haufanyi sanaa. Kilicholifanya liwe sanaa ni hesabu ya msamiati. Msaili kila apandapo ana neno jipya: moja limetokana na rangi, jingine na msitu, jingine na karata. Msailiwa anajitahidi kumfuata kwa hatua chache, kisha anaishiwa. Anabakiwa na neno moja la kumdharau Mzungu. Analitaja. Linapokuja tusi jingine, analitaja lile lile mara mbili mfululizo. Na linapokuja neno lililo baya kuliko yote, halirudii tu bali analitangulizia kivumishi kinachomtangaza Mzungu huyo kuwa amekwisha kufa.

Katika Kiswahili takriri huweza kukuza maana au kuipunguza, kama wajuavyo wote waliofundisha sarufi. Takriri ya Bwana Wilson haifanyi lolote kati ya hayo. Ni sauti ya upawa unaokwangua chungu kitupu. Kiingereza cha Marekani kilijengewa ghala la matusi na mnada wa watumwa, shamba la pamba, sheria za ubaguzi na mzaha wa majukwaani, kila kimoja kikiacha neno lake. Watu weusi hawakupata kuwa na mamlaka yaliyolingana na hayo ili nao wajaze ghala lao. Matusi ya kikabila ni mabaki ya uwezo uliokwisha kutumika, na asiyekuwa na uwezo huo huwa hana akiba. Ndiyo sababu maneno yanapokwisha hukiliki kitisho. Igizo limeyaonyesha hayo kwa muda mfupi kuliko mhadhara wowote wa isimu-jamii, na bila ya kutamka hata sentensi moja ya kufafanua.

Sehemu inayofuata ina utamu wa aina nyingine. Msaili amegutuka na kuona alichokichokoza. Anatangaza kuwa Bwana Wilson amefaulu na anamtajia mshahara wa dola 5,000 kwa mwaka. Anajibiwa kwa kutajiwa mama yake. Anapanda hadi 7,500. Anatajiwa bibi yake. Anapofika 15,000 anamwambia kuwa atakuwa mfagiaji mwenye mshahara mkubwa kuliko wote Marekani, na anamsihi asimdhuru. Zingatia kwamba hapa Bwana Wilson ameuacha mchezo wa msaili na kuingia katika mchezo wa kwao. Kumtaja mama ndiyo nguzo ya yale mashindano ya matusi ya vijana weusi wa Marekani yaitwayo dozens, ambayo mwanafunzi yeyote wa Nairobi angeyatambua mara moja kuwa ni ndugu wa mchongoano. Katika mchezo wa msaili alikuwa maskini. Katika huu ni tajiri, na mshahara unapanda kwa kadiri anavyousogelea ukoo wa tajiri wake.

Ulinganisho na mchongoano, na zaidi ya huo ulinganisho na utani wa makabila ya Tanzania, ndio unaofungua kiini cha jambo. Mtani humtukana mtani wake hata msibani, naye aliyetukanwa haruhusiwi kukasirika, kwa sababu kuna mapatano ya kale baina ya pande mbili zinazolingana: leo wewe, kesho mimi. Mchongoano nao una hadhira inayoamua, na aliyeshindwa huondoka na aibu tu, si njaa. Usaili wa Bwana Wilson una sura ya utani bila ya kuwa na mapatano yake. Mmoja ana kazi ya kutoa, mwingine ana haja ya kuipata. Msaili anatukana na kuita matusi yake jaribio. Ofisi zetu nazo zinaijua hila hiyo, ambapo mkubwa hutania na mdogo hulazimika kucheka, ingawa waandishi wetu wa tamthilia hawajaishughulikia kwa ukali unaostahili.

Wako wanaousoma mwisho wa igizo kama ushindi wa mnyonge. Usomaji huo ni wa haraka. Bwana Wilson anatoka na fedha nyingi, ndiyo, na msaili anaahidi hata kufagia mwenyewe huku mfanyakazi mpya akipumzika majuma mawili. Lakini cheo alichopewa ni kile kile cha ufagio. Hofu imepandisha mshahara, haikubadilisha kiti. Na hofu yenyewe ni ile ya zamani, ya Mzungu anayemwona mtu mweusi kuwa hatari. Mtunzi alijua alichokuwa akikifanya. Paul Mooney, ambaye Pryor alishikilia aajiriwe kuwa miongoni mwa waandishi wa juma hilo, alieleza katika kitabu chake cha 2009 kwamba igizo lilichipuka kutokana na maswali aliyoulizwa na watu wa NBC walipokuwa wakimpima kama anaifaa kazi. Ikiwa ni hivyo, msaili wa jukwaani alikuwa na kielelezo chake ghorofani, katika jumba lile lile.

Sifa hizi zisimfanye mhakiki afumbe jicho jingine. Usiku huo huo, katika kipindi hicho hicho, John Belushi aliigiza kwa mara ya kwanza samurai wake, safari hiyo akiwa karani wa hoteli, na Pryor akiwa mchukuzi wa mizigo. Wote wawili wanabweka sauti zinazodaiwa kuwa Kijapani. Si Kijapani, ni mvumo wa Kijapani katika sikio la asiyekijua. Belushi ana umahiri wa mwili usiokanushika, na upanga unapokata meza hadhira ina haki ya kushangilia. Lakini kicheko kinachoegemea wazo kwamba lugha ya mwenzako ni kelele tupu hakiko mbali na ghala lile alilokuwa akichotea msaili. Mzungumzaji yeyote wa lugha ya Kiafrika aliyewahi kusikia lugha yake ikiigizwa katika filamu za Kizungu kwa ngoma na kelele analijua jambo hili kwa uchungu. Inasikitisha kwamba Pryor, aliyeshika mizani sawasawa katika igizo moja, hakuihisi ikiinama katika jingine.

Muziki wa usiku ule ulitoka kwa Gil Scott-Heron, ambaye miongoni mwa nyimbo zake aliimba ule uitwao Johannesburg, unaouliza habari za mapambano ya Afrika Kusini. Miezi sita baadaye, tarehe 16 Juni 1976, wanafunzi wa Soweto waliandamana kukataa kufundishwa kwa Kiafrikana. Huenda waliotazama televisheni New York hawakuona uhusiano wowote baina ya wimbo ule na meza ya usaili. Kwa wasomi wa lugha uhusiano ni bayana: pande zote mbili suala ni nani anayemchagulia nani maneno.

Limebaki suala linaloihusu idara ya lugha za Kiafrika kwa karibu zaidi. Tuseme mtu anataka kulitafsiri igizo hili kwa Kiswahili. Angeyapata wapi maneno? Upande wa Bwana Wilson angepata mawili: kaburu na beberu. Yote mawili ni maneno ya jukwaa la siasa. La pili lilimtoa mbuzi dume zizini likampeleka kwenye mikutano ya hadhara. Si matusi ya barazani wala ya jikoni. Lakini akiligeukia ghala la Kiswahili la kumtweza Mwafrika, mfasiri hatapata dhiki. Lipo neno mshenzi, ambalo watu wa pwani waliwabandika watu wa bara muda mrefu kabla ya Mzungu kuliokota na kuwatukania wote, wa pwani na wa bara pamoja. Yapo mtwana na kijakazi. Ghala hili nalo lilijengwa na biashara ya watumwa, na waliolijenga walikuwa wasemaji wa lugha tunayoifundisha. Tafsiri aminifu ya igizo hili ingemweka Mswahili katika kiti cha Chase, mbele yake akiwa kijana aliyetoka bara kuomba kazi. Hakuna mtunzi wa televisheni yetu anayejulikana kuthubutu kuiandika.

Pryor mwenyewe alifika Kenya mwaka 1979. Lile neno ambalo katika usaili liliitikiwa kwa kifo alikuwa ameliweka hata katika jina la albamu yake ya 1974. Baada ya safari hiyo aliacha kulitumia jukwaani, na katika filamu yake ya 1982, Live on the Sunset Strip, alisimulia kwamba huku alitazama pande zote, akaona watu weusi wa kila namna wakifanya kazi za kila namna, wala hakumwona hata mmoja ambaye neno lile lingemfaa. Mooney hakumfuata hadi 2006. Ushuhuda wa Pryor ni mzuri na hapana sababu ya kuutilia shaka. Ila ni ushuhuda wa macho. Masikio yake hayakuwa na Kiswahili. Lau yangekuwa nacho, angeweza kusikia pale pale Nairobi, katika foleni ya basi au uani mwa nyumba ya tajiri, mtu mweusi akimwita mtu mweusi mwenziwe mshenzi, na mwenziwe akiitika.