Juu ya "Wakati Ujao wa Karibu" wa Kifaransa

Katika shule zetu chache zifundishazo Kifaransa, na katika miji ya Burundi na Kongo ambako ndugu zetu wasemao Kiswahili hukisoma tangu darasa za chini, kuna kanuni moja ambayo kila mtoto huikariri kabla hajajua kuomba maji kwa lugha hiyo. Kanuni yenyewe ni hii: twaa kitendo aller, maana yake kwenda, katika wakati uliopo, kisha weka nyuma yake kitendo kingine katika umbo lake la asili lisilogeuka. Je vais manger, nitakula. Tu vas manger, utakula. Il va manger, nous allons manger, vous allez manger, ils vont manger. Imekwisha. Kitabu chaliita umbo hili futur proche, yaani wakati ujao wa karibu, tena chaongeza shauri: litumie kwa jambo litakalotokea punde, na lile umbo jingine, je mangerai, litumie kwa jambo la mbali.

Nusu ya kwanza ya kanuni hii sina ugomvi nayo. Ni kweli, na ni rahisi kushikwa. Ugomvi wangu ni na nusu ya pili, na hasa na lile neno "karibu," kwa sababu limenitia aibu mbele ya watu.

Ilikuwa siku ya Jumapili, tulipopata mhubiri mgeni asiyejua Kiswahili, nami nikapewa kazi ya kumfasiria. Akasema katika mahubiri yake, Le Seigneur va venir. Mimi, nikiikumbuka kanuni ya kitabu, nikasema kwa sauti kuu: "Bwana atakuja hivi karibuni." Baada ya ibada mzee mmoja wa kanisa akanifuata akaniuliza, "Mwalimu, huyu mgeni amejuaje? Hivi karibuni ni mwaka huu?" Nikaona kwamba nimemtia mgeni wetu maneno asiyoyasema. Mambo ya nyakati na majira tumeambiwa wazi katika Matendo ya Mitume kwamba si kazi yetu kuyajua, na yule mhubiri alilijua hilo kuliko mimi. Yeye hakutaja saa. Aliyetaja saa ni mfasiri, naye alifundishwa na kitabu.

Basi na tukipime kitabu hicho kwa maneno ya Wafaransa wenyewe. Mtu asema, Je vais me marier l'an prochain, nitaoa mwaka ujao. Hapa pana miezi mingi, lakini atumia vais, wala hapana amcheki. Mwingine atoka dukani kwake, asema, Je reviendrai dans cinq minutes, nitarudi baada ya dakika tano. Ametumia umbo lile liitwalo la mbali. Wataalamu wa nyota wasema kwamba jua letu litamaliza moto wake baada ya miaka bilioni 5 hivi, na Mfaransa aweza kulisema jambo hilo vizuri kabisa kwa va: Le soleil va s'éteindre. Ikiwa miaka bilioni 5 ni karibu, sijui mbali ni wapi.

Tofauti, basi, si ya saa. Mimi naona ni hii: asemaye kwa aller asimama leo na kutazama jambo lijalo kama lililokwisha kuanza. Ama ameliazimu moyoni, ama ameona dalili yake kwa macho. Asemaye kwa je mangerai aliweka jambo huko mbele peke yake, limekatika na leo, kama ahadi au tabiri au amri. Kuna mfano mmoja unaopendwa sana na walimu, nao ni mzuri kweli. Elle va avoir un enfant: kila asikiaye aelewa kwamba mwanamke huyu ni mja mzito. Elle aura un enfant: atapata mtoto, lakini lini, na kwa sharti gani? Msikiaji angojea maneno zaidi. Labda ni tabiri, labda ni faraja apewayo aliyekaa miaka bila kuzaa. Mtu akichanganya maneno haya mawili mbele ya mama mkwe, atafanya madhara makubwa kuliko kosa lo lote la maandishi.

Hali kadhalika mtoto akipanda juu ya ukuta. Mama apiga kelele, Tu vas tomber! kwa kuwa aona mguu unateleza. Akisema Tu tomberas, ni kama nabii akitoa habari za siku zijazo, na mtoto ataanguka kabla ya unabii kwisha. Na zile Amri za Mungu, kama ile ya kutoua na ile ya kutoiba, hutolewa katika Kifaransa kwa umbo lile la kwanza lisilo na aller. Hapana mtu aonaye amri hizo kuwa ni za siku za mbali. Zashika leo hii. Ila hazitegemei dalili wala nia ya anayeambiwa, zatoka juu.

Tazameni pia hila ya lugha. Umbo hili la je mangerai, liitwalo na wengi la kawaida, nalo zamani lilikuwa maneno mawili. Kilatini cha kale kilikuwa na wakati ujao wake, cantabo, nitaimba. Huo ukachakaa, watu wakaanza kusema cantare habeo, kama kusema "nina kuimba," ninalo jambo la kuimba. Maneno hayo mawili yakashikana hata yakawa moja, chanterai. Ndiyo maana miisho yake, -ai, -as, -a, yafanana na kitendo avoir, kuwa na kitu: j'ai, tu as, il a. Lilipokwisha kushikana, katika karne ya 15 hivi, watu wakaanza kutwaa kitendo kingine, aller, na kukitumikisha kazi ile ile. Na chenyewe kimeshonwa kwa viraka: vais, vas, va na vont vyatoka katika kitendo kimoja cha Kilatini, vadere; j'irai yatoka katika kingine, ire; na allons na allez yana asili nyingine tena. Mwanafunzi alalamikaye kwamba aller hakifuati kanuni amesema kweli, ila ajue kwamba anawalalamikia watu watatu waliovaa nguo moja.

Hata umbo la "je vais" lilikuwa na mashitaka yake. Mwaka wa 1647 Vaugelas, mmoja wa wanachuo wa kwanza wa Académie française, alitoa kitabu cha maangalizo juu ya lugha. Humo aliandika kwamba waliosoma husema je vais, lakini watu wote wa nyumba ya mfalme husema je va, nao wakiona je vais kuwa ni neno la watu wa mashamba. Leo mambo yamepinduka: je vais ndiyo ya shule. Je vas haikufa. Yasikika mpaka leo kwa Wafaransa wa Kanada. Husimuliwa habari ya Padri Bouhours, Mjesuiti mwenye kupenda sarufi kupita kiasi, aliyefariki Paris mwaka wa 1702. Wasema kwamba alipokuwa katika kukata roho aliwaambia waliomzunguka kuwa anataka kufa, akilitaja neno kwa namna zote mbili, je vais na je vas, akaeleza kwamba zote mbili husemwa. Wengi huicheka hadithi hii. Mimi naipenda kwa sababu nyingine: mzee huyu alichagua umbo lililomfaa. Hakusema je mourrai, ambalo sote twaweza kulisema tukiwa wazima. Alisema kwa aller, kwa kuwa mauti yalikwisha kuingia chumbani.

Nimeandika hapo juu "anataka kufa," na msomaji mwangalifu labda ameshangaa. Hakuna atakaye kufa. Lakini hivyo ndivyo Kiswahili chetu kisemavyo. Mawingu yakikusanyika twasema, "Mvua inataka kunyesha." Mti ukiegemea, "Mti huu unataka kuanguka." Jua likiinama, "Jua lataka kuchwa." Mvua haina nia, wala mti, neno "taka" hapa lafanya kazi ile ile ya aller. Tena wajuzi wa lugha za Kibantu wasema kwamba hata -ta- ya "nitakula" ni masalio ya "taka" hiyo hiyo, iliyokatwa ikashikamana na kitendo, kama habeo ilivyoshikamana na cantare. Basi sisi tuna maumbo mawili kama Wafaransa, nalo moja lachipuka katika lingine. Kitabu cha shule chafasiri Il va pleuvoir kwa "mvua itanyesha hivi karibuni." Kingesema "mvua inataka kunyesha," kingekuwa kimemaliza somo kwa neno moja, na mtoto angefahamu bila saa mkononi.

Siku hizi redioni husikia msemaji aliyeketi kitini akisema, "Sasa tunakwenda kuanza habari." Aenda wapi? Najua lugha hukua kwa namna hii, nami sina nguvu ya kuizuia. Ila nasikitika mtu akiazima cha jirani na chake kiko ndani.

Katika kuunda umbo lenyewe nitataja makosa mawili tu. La kwanza ni la sisi Waswahili hasa. Kwetu "ji" ni moja kwa watu wote: najiosha, wajiosha, anajiosha. Kwa hiyo watoto huandika je vais se laver. Si hivyo. Ni je vais me laver, tu vas te laver, nous allons nous laver. Kile kijineno chageuka kumfuata mtendaji, ingawa kitendo laver hakigeuki. La pili ni kukana. Ne na pas huzunguka aller: je ne vais pas manger. Mtu akisema je vais ne pas manger, si kosa, lakini maana ni nyingine, kwamba ameazimu kujizuia asile. Jambo moja ni jepesi kwetu: je vais le voir, kile "le" hukaa mbele ya voir kama "mw" katika "kumwona." Waandishi wa karne ya 17 wa Kifaransa walipenda kuandika je le vais voir, na atakayekutana nayo katika vitabu vya zamani asidhani ni kosa la chapa.

Ajihadhari pia na wakati wenyewe wa aller. J'allais partir, nilikuwa karibu kuondoka: hapa bado ni mtumishi. Lakini je suis allé manger ni safari ya miguu kweli, nilikwenda kula.

Nilimrudia yule mzee Jumapili iliyofuata, nikamweleza kwamba mgeni hakusema "hivi karibuni." Alisema kwamba Bwana yu njiani, na dalili za kuja kwake zaonekana, wala hakuhesabu siku. Mzee akanyamaza kidogo, akatikisa kichwa, akaniuliza, "Sasa, Mwalimu, kitabu chenu chaiitaje ile?" Nikamwambia, wakati ujao wa karibu. "Na ninyi," akasema, "mwawafundisha watoto hivyo hivyo?"