Tezi na Omo, Marejeo Ngamani: Namna ya Kukagua Ubao wa Mawimbi wa Zamani

Mjomba wangu alikuwa fundi wa mashua Matondoni, Lamu, na hakuwahi kununua chombo kwa macho. Akiletewa habari ya mashua kuukuu inayouzwa, huenda, huvua viatu, huweka kiganja ubavuni na kutembea nacho polepole kutoka omo, mbele ya chombo, hadi tezi, nyuma yake, bila kusema neno. Mwenye chombo humwonyesha rangi mpya na tanga jipya. Yeye huingia ndani, akainama, akanusa, akagusa maji yaliyotuama. Akiulizwa kwa nini hasifu rangi, hujibu kwa maneno ya wazee: kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani, kule chini ndani ya chombo maji yanakotuama.

Maneno hayo yalikuja kunifaa mbali sana na Lamu. Mwaka 1982 nilikwenda California kusoma, nikapanga chumba katika mji mdogo wa pwani, kusini mwa Dana Point. Mtaa wa pili palikuwa na duka la mbao za mawimbi, zile ambazo mtu husimama juu yake akateleza na wimbi mpaka ufukweni. Mbele duka, nyuma karakana. Kilichonivuta ni harufu. Resini ilichoma pua, lakini chini yake ilipita harufu ya nazi, kwa kuwa nta wanayopaka juu ya ubao ili mguu usiteleze hutiwa manukato ya nazi. Mtoto wa pwani akisikia nazi ugenini, huingia. Nikaingia, nikapewa kazi ya Jumamosi: kufagia vumbi la povu, jeupe na laini kama unga wa muhogo, na kupokea mbao zilizoletwa kutengenezwa. Mbao za zamani ndizo nilizozipenda. Haya ndiyo niliyojifunza juu yake kwa miaka minne, na nayaandika kwa yeyote atakayekutana na ubao wa namna hiyo na kutaka kujua kama ni kazi ya fundi au ni rangi tu.

Jua kwanza umri wake

Mchezo huu ni wa watu wa Hawaii, nao walichonga mbao zao kwa miti ya kwao, kama koa na wiliwili. Mwaka 1885 wanawafalme watatu wa Hawaii waliuonyesha Santa Cruz, California, kwa mbao za redwood, mti mwekundu wa huko. Ubao mzima wa mti ungeweza kupita kilo 30. Tom Blake akaja na ubao wenye uwazi ndani, akausajili kama uvumbuzi wake mwaka 1932, na mwaka 1935 akatia pezi chini ya tezi ili ubao ushike njia. Baada ya Vita Kuu ya Pili, mafundi wakahamia balsa, mti mwepesi kutoka Ecuador, uliofunikwa kwa kitambaa cha faibaglasi na resini.

Hobie Alter alifungua duka lake Dana Point mwaka 1954. Mwishoni mwa muongo huo, yeye na Gordon Clark walifanikiwa kuweka povu gumu la poliyurethani mahali pa balsa. Wakati ulikuwa umewadia: filamu ya Gidget ya mwaka 1959 iliwasomba vijana kuelekea ufukweni, na balsa isingewatosha. Clark alianzisha kampuni yake ya povu mwaka 1961, ikalisha karakana nyingi za Marekani mpaka alipoifunga ghafla tarehe 5 Desemba 2005.

Hadi katikati ya miaka ya 1960, ubao wa kawaida ulikuwa na futi 9 au 10 na pezi moja. Nat Young wa Australia alishinda ubingwa wa dunia San Diego mwaka 1966 kwa ubao mwembamba kuliko za wenzake, na kufikia mwaka 1970 mbao nyingi zilikuwa zimefupishwa hata chini ya futi 7. Mapezi matatu yalitia mizizi mwaka 1981, Simon Anderson aliposhinda nayo mashindano ya Bells Beach, Australia. Kamba ya kufunga mguuni nayo ilianza kuenea mwanzoni mwa miaka ya 1970. Basi ukiambiwa ubao ni wa mwaka 1965 na unaona mapezi matatu, muuzaji amekosea au anakudanganya. Ukiona una pezi moja lakini tundu la kamba limetobolewa kwenye tezi, ubao waweza kuwa wa kweli, ila tundu lilikuja baadaye. Litazame vizuri, maana maji hupenda kupitia hapo.

Mwanga wa ubavuni

Chumba cha mchongaji kina taa mbili ndefu, moja kila ukuta, zimefungwa usawa wa kiuno. Kuta hupakwa rangi iliyokoza. Mwanga ukipita ubavuni mwa ubao mweupe, kila kishimo na kila kinundu hutoa kivuli chake. Taa ya darini hufuta vivuli hivyo vyote.

Nawe fanya hivyo. Uweke ubao juu ya vigoda viwili, zima taa ya juu, shika tochi usawa wa ubao na utembee nayo. Kisha simama nyuma ya tezi, funga jicho moja, tazama mpaka omo kama seremala apimavyo boriti. Katikati ya povu umepita uti, utepe mwembamba wa mti unaoupa ubao nguvu. Uti uwe umenyooka. Ukiuona ubao umejipinda, bega moja juu na jingine chini, uache. Ufa huzibika, lakini ubao uliojipinda hata fundi bingwa haunyooshi.

Kingo

Hapa weka macho pembeni. Simama kwenye omo, shika ukingo wa kulia kwa mkono wa kulia na wa kushoto kwa mkono wa kushoto, fumba macho, na uteremshe mikono yote miwili kwa pamoja hadi kwenye tezi. Kingo ziwe pacha: zinenepe pamoja, zikonde pamoja. Ubao wa zamani ulichongwa kwa randa na msasa mkononi mwa mtu, kwa hiyo tofauti ndogo inayokuja taratibu ni alama ya kiganja chake, wala si kasoro. Mkono ukikwama ghafla kwenye kinundu, hapo pamezibwa.

Omo, tezi na pezi

Omo ndiyo huumia kwanza, kwa sababu ndiyo hupiga mchanga. Tafuta mahali rangi inapobadilika au mstari unapokatika. Kwenye tezi, baadhi ya mafundi wa miaka ya 1960 walibandika kipande cha mti kilichoungwa kwa tabaka za rangi mbalimbali. Pitisha ukucha kwenye maungo yale. Ukiteleza bila kukwaruza, huyo alikuwa fundi aliyejipa muda.

Pezi la asili lilifungwa moja kwa moja kwenye ubao kwa kitambaa na resini, na shina lake hushuka kwa mzunguko laini. Pezi lililovunjika likarudishwa huzungukwa na duara la kitambaa chenye rangi tofauti. Kitambaa kizito cha zamani kina ukijani kidogo unapokitazama kwa kukingamisha mwanga, nacho hakifanani na cheupe cha kisasa.

Kisha tafuta nembo. Nembo ya karakana huchapwa kwenye karatasi nyepesi na kulazwa chini ya resini. Ukucha ukipita juu yake usihisi kitu. Ukucha ukigonga ukingo wa karatasi, umebandikiwa stika.

Chini ya resini pia, kandokando ya uti, mara nyingi kuna maandishi ya penseli: urefu, pengine upana, pengine saini. Siku moja uliletwa ubao uliopakwa rangi ya kahawia ya mlango. Fundi mkuu wa karakana, mzee wa maneno machache, aliniambia nipige msasa laini karibu na tezi, na maji tele. Rangi ilipotoka, ikatokea 9-6, futi tisa na inchi sita, na ile tisa ilikuwa na mkia mrefu uliokunjwa kushoto. Mzee aliinama, akachukua penseli sikioni, akaandika tisa pembeni ya gazeti. Mkia ule ule. Alikuwa ameuchonga miaka ishirini nyuma. Nembo ilikuwa ya duka jingine alilowahi kufanyia kazi, na mkono ulikuwa wake. Tangu siku hiyo sijawahi kukagua ubao bila kuutafuta mstari wa penseli.

Marejeo ngamani

Hapa ndipo nilipoumia. Mwaka 1983 nilinunua ubao mwekundu kwa mtu aliyekuwa akiuza vitu uani kwake. Ulimeta kama kioo. Nilipima uti, nikashika kingo, nikaridhika, nikatoa pesa niliyoilimbikiza muda mrefu. Siku ya tatu baharini ukawa mzito, na ngozi ya juu ikavimba kama andazi. Tulipoukata, povu la ndani lilikuwa la kahawia, limelowa kama sifongo. Nilikwenda tezi na omo, sikurejea ngamani.

Kwa hiyo gonga. Gonga kwa konzi ubao mzima, shubiri kwa shubiri, kama mtu achaguaye fenesi. Pazuri pana mlio mkavu na mfupi. Mlio ukiwa mzito na wenye uwazi, ngozi imeachana na povu. Bonyeza kwa dole gumba na utaiona ikicheza. Kisha unyanyue. Ubao wa povu wa futi 9 na nusu wa miaka ya 1960 huwa na kilo 11 hadi 14 hivi. Ukizidi mno, una maji au una matabaka ya viraka. Mwisho nusa kwenye kila ufa. Povu kavu halina harufu ya kitu.

Jeraha na kiraka

Usiogope jeraha lililotengenezwa waziwazi. Kiraka kinachoonekana, kimefungwa vizuri na kukauka, ni sawa na kalafati ya mashua: ni matunzo. La kuogopa ni rangi nzito iliyopakwa juu ya yote. Lakini usihukumu haraka, kwani mbao kadhaa za mwanzo za povu zilipakwa rangi karakanani penyewe kuficha matundu ya povu ambalo bado lilikuwa halijatulia. Ukucha na tochi vitakuonyesha kama rangi iko ndani ya resini au juu yake.

Na juu ya ubao, karibu na katikati, huenda ukakuta vibonde viwili sambamba. Hapo ndipo mpanda mawimbi alipopiga magoti akipiga makasia kwa mikono, mwaka hadi mwaka, mpaka povu likakubali umbo la magoti yake, kama msala ulioliwa mahali pa kusujudia. Anayekuambia uvijaze usimsikilize.

Hukumu yangu ni hii: kwanza umbo, pili ukavu wa ndani, tatu mkono wa fundi, na rangi iwe ya mwisho. Ubao wenye makovu na ngama kavu ni bora kuliko unaometa usiojulikana ndani yake.

Ukiupata, usiupake rangi wala usiung'arishe. Andika kwenye karatasi ulikoununua, kwa nani, na yote aliyokusimulia, kisha uiweke pamoja nao. Ulaze kivulini juu ya matambara. Povu likipigwa na jua hugeuka manjano, na weupe wake haurudi tena.