Zeze la Wagogo ni Mali ya Nani?

Wapo ndugu zetu wanaodhani kuwa suala la utamaduni ni suala la burudani tu, jambo la kutazamwa baada ya kazi za maana kumalizika. Matokeo ya fikra hizo yanaonekana karibu kila panapofanyika mkutano mkubwa katika Dodoma. Kikundi cha ngoma cha Wagogo huitwa tangu asubuhi, hupangwa kando ya njia, hupiga mazeze na kurusha mabega wakati mgeni rasmi anapita, kisha huambiwa kipumzike. Dakika kumi zimetosha. Swali la kujiuliza ni hili: dakika hizo kumi zilipigwa kwa ajili ya nani?

Swali hili linaihusu sana Ipagala, mojawapo ya kata 41 za Jiji la Dodoma. Tangu TANU ilipoamua mwaka 1973 kwamba makao makuu yahamie Dodoma, na hasa tangu Serikali ilipoanza kuhamia kwa vitendo mwaka 2016, mashamba mengi ya mtama na uwele kandokando ya mji yamepimwa viwanja. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 410,956 katika Dodoma Mjini; ile ya mwaka 2022 ilihesabu 765,179. Wengi wa wakazi wapya si Wagogo. Hilo si kosa, ndivyo taifa linavyojengwa. Lakini muziki wa zeze ulikuwa na wenyewe, na wenyewe hao walikuwa na kazi nao: mavuno, jando, harusi, kumpokea mtu aliyetoka mbali.

Ili tulielewe tatizo hatuna budi kukitazama chombo chenyewe. Zeze la Kigogo ni kibuyu kilichowambwa ngozi, mti uliopenyezwa ndani yake, uzi mmoja au zaidi, na upinde mdogo wa kusugulia. Sauti yake ni nyembamba na ya kukwaruza. Peke yake haiwezi kutawala uwanja, wala haikukusudiwa kutawala. Kazi yake ni kuongoza sauti za watu, nazo sauti hizo kwa Wagogo haziendi kwa mkupuo mmoja. Huyu anaanzisha, wale wanajibu juu, wengine wanashika chini, na kila safu inalinda nafasi yake mpaka wimbo unashikana kama fito za tembe. Wataalamu wa muziki wametoka nchi za mbali kuja kuuchunguza upangaji huu wa sauti. Sisi tunasema jambo jepesi zaidi: kundi la zeze linapopigia watu wanaotazama tu, nusu ya chombo imeachwa nyumbani.

Mfano mkubwa ni wa marehemu Hukwe Zawose. Mzaliwa huyu wa Ugogo aliitwa na Mwalimu Nyerere kwenda Dar es Salaam katika miaka ya 1960, wakati taifa changa lilipokuwa likitafuta kujitambua. Alfajiri ya Uhuru ilikuwa na haki ya kufanya hivyo, maana mkoloni alikuwa amewafundisha watu wetu kuzionea haya ngoma zao. Baadaye Zawose alihamia Bagamoyo, akazungukwa na ukoo mzima wa wapigaji, na kundi lake likadumu miongo mingi mpaka alipofariki Desemba 2003. Hatuwezi kumlaumu kwa kuondoka. Bila yeye dunia isingejua kabisa kwamba zeze lipo.

Hata hivyo, kazi zake zilizorekodiwa zinaonyesha mvutano tunaouzungumza. Katika Chibite ya mwaka 1996, jina ambalo kwa Kigogo lina maana ya "twende", yuko yeye na mpwa wake Charles, wakijibizana kwa sauti, zeze na marimba. Ni watu wawili, lakini msikilizaji anasikia kijiji: sauti inapanda ghafla mpaka juu kabisa, nyingine inaipokea chini, na nafasi ya waitikiaji imeachwa wazi kama kigoda kisichokaliwa. Halafu njoo kwenye Assembly, aliyoifanya na Michael Brook mwanzoni mwa miaka ya 2000. Hapo kigoda kimekaliwa na gitaa la umeme na mitambo. Sauti ya mzee haikupungua hata kidogo, na wapo vijana wanaoipenda kanda hiyo kuliko ile ya kwanza. Kwetu sisi mashine haiitikii; inarudia tu. Mwaka 2002 alisafiri Amerika Kaskazini kufungua maonyesho ya Peter Gabriel, mbele ya umati ambao haukujua hata neno moja la kumjibu.

Lakini tusije tukawa mashabiki wa mila kwa sababu tu ni mila. Kwa mapokeo, wanawake wa Kigogo walipiga ngoma za muheme na kuimba, ilhali zeze na marimba vilikuwa mikononi mwa wanaume. Aliyevunja ukuta huo hakuwa mzee wa kijiji. Pendo na Leah Zawose, binti na mjukuu wa Hukwe, walishika vyombo hivyo wenyewe, na mwaka 2024 wakatoa albamu yao Maisha kwa jina la The Zawose Queens. Bagamoyo na jukwaa la ugenini, ambavyo tumevishutumu, ndivyo vilivyowapa nafasi. Anayetaka kurudisha zeze kwa umma lazima aseme wazi kama anarudisha na marufuku yake.

Chamwino wameonyesha njia moja. Tangu 2009 vikundi vya vijiji vinakutana huko katika Tamasha la Muziki wa Cigogo, na vinapiga mbele ya watu wanaoujua wimbo. Ipagala haina umati huo, na hautapatikana kwa kulalamika. Kwa hiyo tunapendekeza kikundi kialikwe siku ambayo hakuna mgeni rasmi, Jumamosi jioni, uwanja wa shule, na kilipwe kiasi kilekile anacholipwa mwenye spika. Nusu saa ya kwanza iwe ya kufundishana viitikio, Mhaya na Mnyakyusa wapangwe katika safu zao, na msichana anayetaka kushika upinde aachwe aushike. Kisha ndipo zeze lianze. Jambo la vibuyu nalo lisisahauliwe, kwa kuwa havioti kwenye zege. Shule zenye eneo zipande mimumunye uzioni mvua za Desemba zinapoanza, vibuyu vikomae na kukaukia juani kiangazi, na fundi aje achague.