Sauti ya Nani? Uhakiki wa Mbinu ya Sauti katika Kuwafundisha Watoto Kusoma Wilayani Rusizi, Rwanda

Ikisiri

Makala haya yanahakiki dai kwamba mbinu ya sauti, yaani kumfundisha mtoto uhusiano wa herufi na sauti kabla ya maneno mazima, inafaa kila mahali kwa namna ileile. Yakitumia mazingira ya Rusizi, mpakani mwa Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, makala yanaonesha kwamba mbinu hiyo hutanguliza swali ambalo aghalabu haliulizwi: sauti inayofundishwa ni ya nani? Hoja kuu ni kwamba mengi yanayohesabiwa kuwa makosa ya mtoto wa Rusizi ni ushahidi wa usikivu sahihi.

1.0 Utangulizi

Mji wa Kamembe na ule wa kale wa Cyangugu, katika Wilaya ya Rusizi, inatazamana na Bukavu ng'ambo ya mto unaotoka Ziwa Kivu. Biashara huvuka daraja kila siku, na Kiswahili huvuka nayo. Kwa hiyo mtoto wa hapo hukua akisikia Kinyarwanda nyumbani na Kiswahili sokoni, na afikapo shuleni hukutana na Kiingereza. Desemba 2019 serikali ilitangaza kwamba Kiingereza kitakuwa lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza, Kinyarwanda kikibaki kuwa somo. Kiswahili nacho kilifanywa lugha rasmi mwaka 2017, lakini kwa kawaida mwanafunzi hukutana na maandishi yake katika shule ya sekondari. Hivyo herufi zilezile za Kirumi humfikia mtoto mmoja zikiwa na thamani tatu tofauti.

2.0 Mbinu na dhana yake

Kwa muda mrefu watoto wa Afrika Mashariki wamefundishwa kusoma kwa kughani silabi: ba, be, bi, bo, bu. Mbinu hii ina mantiki yake, kwani silabi nyingi za lugha za Kibantu huishia kwa irabu. Udhaifu wake ni kwamba darasa zima laweza kughani bila mtoto hata mmoja kutazama ubao. Mageuzi ya karibuni, kama mtaala wa Kusoma, Kuandika na Kuhesabu wa Tanzania na mpango wa Tusome wa Kenya, yote ya mwaka 2015, yameipa sauti nafasi kubwa zaidi. Mwelekeo huo ni sahihi. Mtoto anayejua kwamba neno hugawanyika katika sauti ana ufunguo wa kusoma hata neno asilowahi kuliona.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya nadharia ya mbinu ya sauti ilijengwa juu ya Kiingereza, lugha yenye fonimu zipatazo 44 na herufi 26, ambamo tahajia humsaliti msomaji mara kwa mara. Utafiti wa Seymour, Aro na Erskine (2003) katika lugha za Ulaya ulionesha kwamba watoto wanaosoma lugha zenye tahajia wazi hupata msingi wa usomaji mapema kuliko wale wa Kiingereza. Kinyarwanda na Kiswahili ni lugha za tahajia wazi. Basi kikwazo cha Rusizi hakimo ndani ya lugha moja moja. Kimo katika mpaka baina yao.

3.0 Herufi moja, masikio mawili

Mfano wa kwanza ni herufi c. Katika Kinyarwanda, icumi (kumi) huanza silabi yake ya pili kwa sauti ambayo Kiswahili huiandika ch. Mtoto aliyefunzwa vyema kusoma Kinyarwanda, akiombwa kuandika chakula, ataandika cakula. Kalamu nyekundu humwambia kwamba amekosea. Kwa hakika amefanya kile ambacho mbinu ya sauti inamtaka afanye: amesikia fonimu, akaitafutia herufi. Asichokijua ni mapatano ya waandishi. Tahajia ya Kiswahili ina deni kwa wamisionari Waingereza wa karne ya 19, akiwemo Edward Steere, ambao waliandika konsonanti kwa mazoea ya lugha yao. Herufi ch ni urithi wa historia. Haimo katika sauti yenyewe.

Mfano wa pili ni r na l. Kinyarwanda hakitumii tofauti ya sauti hizi kutenganisha maana kama Kiswahili kifanyavyo katika kula na kura, au mahali na mahari. Hapa mtoto hahitaji zoezi la herufi kwanza. Anahitaji zoezi la sikio, kwa jozi za maneno ambayo maana zake anazifahamu.

Mfano wa tatu ndio mgumu kuliko yote. Kiswahili sanifu huandika mtoto na mtu, ambapo m hubeba silabi peke yake. Kinyarwanda hakina muundo huo, kina umuntu. Kiswahili kinachosikika kutoka Bukavu nacho husema mutoto na mutu. Mtoto wa Rusizi akisikiliza kwa makini na kuandika mutoto, sikio lake halijamdanganya. Kitabu ndicho kinachoandika sauti ya mahali pengine, kwa kuwa usanifishaji ulioanza mwaka 1930 uliegemea Kiunguja. Tena hata ndani ya Kiswahili sanifu tahajia haisemi yote: mbuni ndege na mbuni mti wa kahawa huandikwa sawa, ilhali katika neno la pili m ni silabi kamili. Katika nchi ya wakulima wa kahawa, huo ni mfano wa kufundishia ulio karibu.

4.0 Pingamizi na jibu lake

Yaweza kupingwa kwamba kumwonesha mtoto mdogo mifumo miwili ni kumchanganya. Pingamizi hili lina uzito iwapo mifumo yote itafundishwa kwa pamoja. Lakini mchanganyiko tayari upo. Suala ni kama mwalimu ataupanga au ataunyamazia. Utaratibu unaofaa ni kuimarisha kwanza usomaji wa Kinyarwanda, lugha ambayo mtoto anaijua maana yake, kisha kufundisha waziwazi tofauti chache za Kiswahili: c na ch, r na l, mu na m. Orodha hiyo ni fupi, kwa sababu sehemu kubwa ya alfabeti hizo mbili inafanana.

Yaweza pia kudaiwa kwamba kukubali mutoto ni kuubomoa usanifu. La hasha. Ni lazima kutenganisha kusoma na kuandika. Mtoto anayeona mtoto, akatamka mutoto na kuelewa, amesoma. Anapoandika, afundishwe umbo sanifu kama mapatano ya maandishi, bila kuambiwa kwamba mama yake na wafanyabiashara wa daraja husema vibaya.

5.0 Hitimisho

Mbinu ya sauti haina budi kuendelezwa, ila isidhaniwe kuwa haina mahali. Huko Rusizi, mtoto anayeandika cakula na mutoto amefaulu nusu ya kwanza ya safari, na nusu ya pili ni jukumu la mwalimu na mtunga kitabu. Mtoto huyo akihesabiwa kuwa mzito wa kuelewa, shule itakuwa imemwadhibu kwa kusikia vizuri. Mafunzo ya walimu wa mpakani hayana budi kuanza na jedwali dogo la tofauti za sauti baina ya lugha za wanafunzi wao, ili kila kosa lisomwe kwanza kama habari, ndipo lisahihishwe.